Siku Tatu za Tope Hadi kwa Mama

Khairiya alikanyaga Mombasa tope likimfika magotini, na moyoni akimshuku mumewe. Siku tatu walikuwa wakitembea kutoka Takaungu, masika yakiwapiga, kwa kuwa Abdulhalim alisema, "Mamako hawezi kidogo, akutaka."

Lakini Abdulhalim, mkali wa maneno, njia nzima alikuwa mpole. Penye utelezi alimshika mkono. Pale Mtwapa alimbeba mgongoni hadi mtumbwini. Khairiya akaona huu ndio upole wa mume anayemrudisha mke kwao. Miaka sita hawana mtoto, nini tena?

"Waninenepesha kama mbuzi wa Idi," alimwambia. "Una lako jambo."

"Tembea, mke wangu, njia yateleza."

"Lo! Leo ndipo waniita mke wangu?"

Walipofika Bondeni, aliona wanaume wamekaa kimya kwenye mikeka barazani kwao. Akadhani ni mashahidi wa talaka, wamekwisha kuitwa. Akasimama katikati ya tope.

"Niache hapa hapa, Abdulhalim. Usiniaibishe mbele ya mama."

Machozi yakamtoka mumewe. "Sikuja kukuacha. Mama ametutangulia, Mungu amrehemu, leo siku ya tano. Ningekwambiaje njiani?"

Kwetu mfiwa haambiwi safarini, asije akaanguka kabla ya kufika kwa watu wake. Khairiya aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Alimshika mumewe kanzu. Siku zote tatu hakuwa ameuliza, hata mara moja, mama anaumwa nini.