Matanga ya Ndege

Mwaka 2009, kiangazi, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita na ujane wa mwaka wa pili, niliiona ndege ikipita Bunda juu ya lori. Siku hiyo huikumbuka, mwanangu, kila nionapo kijana akikimbia kitu ambacho hajakitazama.

Ilikuwa ndege ya mizigo iliyostaafu jeshini. Mabawa yake yalikatwa, yakafuata nyuma juu ya lori jingine, na vijana walitangulia na miti mirefu wakiinua nyaya za umeme. Watu walishangilia. Mimi nilishika ukuta wa duka. Mume wangu alikuwa askari. Alifia kambini, mbali, na mwili wake ulifika Mwanza katika tumbo la ndege ya rangi ileile, ukapita barabara ileile kwenda kuzikwa Butiama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nami siku ile sikuuona unyasi, nilimwona nyoka mwenyewe.

Ndege iliwekwa kando ya ziwa, nje kidogo ya Musoma, ikafanywa mgahawa. Mwenyewe alihitaji msimamizi wa jiko mwenye cheti cha kidato cha nne. Cheti hicho nilikuwa nacho. Nilikipata nikiwa na miaka thelathini na mitatu, dawati moja na watoto walioniita Bibi, na sioni haya kukitaja. Kazi niliikubali kwa sababu moja. Shemeji yangu mkubwa alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba, kwa kuwa nimekataa kurithiwa, nioneshe njia ya kuwalisha wanangu wawili. La sivyo watabaki kwake, nami nirudi kwetu.

Sitakuficha: niliogopa kila siku. Sakafuni mlikuwa na pete za chuma za kufungia mizigo, na pete kama hizo nilikuwa nimeziona Mwanza, zimeshika kamba za jeneza. Jua lilipoondoka bati lilipoa na kulia, mlio mfupi, kama mtu anayejigeuza kitandani. Wageni niliwaketisha mbele, upande wa rubani. Mkiani, kwenye ule mlango unaoshuka kama ulimi, sikukanyaga. Maneno yakafika hadi sokoni Mwigobero. Siku moja nikichagua sato, muuza samaki aliniuliza, "Dada, na hao wa sandukuni wanakulaga nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Likaja. Ijumaa tarehe 14 Agosti, Wambura, kitinda mimba wangu, alishikwa na homa. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa. Shemeji alisema jingine, tena akiwa amesimama mlangoni, amekataa kiti.

"Unapika ndani ya jeneza la ndugu yangu, halafu unawalisha wanawe kwa mikono hiyo hiyo. Huyu ni wa kwanza. Nitawachukua kabla ya wa pili."

Hebu fikiri, mwanangu. Nikiacha kazi, nawapoteza. Nikibaki, pengine nawazika.

Nilikwenda Butiama kwa mama mkwe, mjane kama mimi. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Alikuwa akipukuchua mahindi, wala hakuacha.

"Mama Wambura, kitanda alichofia baba mkwe wako unakijua?"

Nikasema nakijua.

"Ndicho nalalaga mpaka leo. Tulikitoa nje, kikalala kifudifudi juani mpaka matanga yakaisha, wanawake wa ukoo wakakiosha, kikarudi ndani. Hiyo ndege yenu, nani aliianulia matanga?"

Kwetu chombo kilichobeba maiti hakirudi kwenye kazi ya walio hai kabla ya kuoshwa. Hata mtoto analijua hilo. Sisi tuliipaka ndege rangi, tukaitundikia mapazia, tukaisahau desturi kwa kuwa ndege haikuwa chombo cha mti. Nikamuuliza, na kama siyo iliyomleta mume wangu?

"Basi ilimbeba wa mwingine. Naye ana mama."

Alikuja Musoma na wanawake wa ukoo. Walichota maji ziwani, wakaosha sakafu kuanzia mkiani. Bati likalia, mmoja wao akaangusha ndoo na kukimbilia nje. Mama mkwe alikigonga chuma kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kisha akaweka kiti juu ya zile pete, akaagiza ugali wa muhogo na sato, akala. Nilisimama nikiutazama mkono wake kila ulipokwenda kinywani, nikingoja jambo baya.

"Kama ni hii iliyomleta mwanangu," akasema, "basi ilimleta. Wapo mama ambao wana wao hawakuletwa kamwe. Kaa ule."

Nikakaa. Nikamega tonge nikiwa bado naogopa, nikala.

Mwanangu, sikuambii kwamba hofu ni upumbavu. Husemwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ni kweli. Ila kunguru hana watoto wa kumwachia mtu. Hofu yako itoe nje, uianike juani, uwaulize waliokutangulia kuzika namna ya kuiosha. Na ukimwona mtu anakuhimiza uogope, tazama mkono wake umeelekea kitu gani chako. Mungu akujalie macho ya kutazama kabla ya miguu ya kukimbia, na awape wazee wako umri wa kukukalisha chini.

Ijumaa tarehe 23 Oktoba 2009, baraza la ukoo liliketi mbele ya Mtendaji wa Kata. Shemeji alisema yake yote. Mama mkwe akainuka kwa fimbo yake.

"Mimi nimekula humo. Nizikeni kwanza, halafu mchukue watoto."

Iliamuliwa kwamba watoto wakae kwangu. Wambura, mzima kabisa, alikuwa amesinzia mapajani pangu. Nilitia saini kwa jina langu lote, bila kufupisha.