Ng'ombe Mmoja wa Shariff

Kwa miaka thelathini na moja, ng'ombe wengi walioliwa Nyeri mjini walipita kwanza chini ya mkono wa Shariff. Wakristo na Waislamu walikula alichochinja yeye, na wenye bucha walitaka bismillahi yake kabla ya muhuri wa daktari wa mifugo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mazoea ya kuficha kisu nyuma ya mgongo hadi dakika ya mwisho. Mnyama hapaswi kukiona, alikuwa akisema.

Siku hizi kichinjio kilikuwa kimya. Ukame ulikuwa umekomba mifugo ya Laikipia, na asubuhi ya ng'ombe ishirini ikawa ya ng'ombe wawili. Wachunaji wa ngozi walikuwa tisa. Alibaki Kioko peke yake, Mkamba wa maneno mengi, ambaye sasa ndiye aliyemshika pia ng'ombe kichwa wakati wa kuchinja.

Ndipo Sumayya, binti wa pekee wa Shariff, alipomleta bosi wake nyumbani. Alifanya kazi katika maabara moja Naro Moru, ambako nyama ilikuzwa bila mifugo: seli chache za ng'ombe zilitiwa ndani ya pipa la chuma lenye maji ya kuzilisha, zikazaana mpaka zikawa nyama isiyo na mfupa wala kwato. Bosi, aliyeitwa Wamae, alitaka kujua kama Waislamu wangeila. Vibali vya Nairobi alikuwa navyo, lakini watu wa huku walimwamini Shariff.

"Tunatoa kidogo tu kwa sindano, mzee," Wamae alieleza. "Ng'ombe mwenyewe yuko Tetu anakula nyasi. Hata hajui."

"Kilichotolewa kwa mnyama aliye hai ni nyamafu," Shariff alijibu. "Lazima achinjwe kwanza."

Alidhani amefunga mlango. Wamae akaandika, akainua macho. "Basi utatuchinjia wewe."

Alipoondoka, Sumayya alibaki akikusanya vikombe. "Baba, wakikosa neno lako hawatauza. Wasipouza, mimi sina kazi."

Kesho yake Kioko alizipata habari.

"Ati utaenda? Mzee Shariff, hiyo ni kisu uko nayo ama ni jembe? Maana naona unajichimbia kaburi."

Shariff aliendelea kunoa.

"Sikiza. Enda, chinja. Lakini wakikuuliza, sema kila pipa lazima ichinjiwe ng'ombe yake. Kila pipa! Nani atabisha? Hao hata kuswali hawajui."

"Mungu anajua."

"Hata watoto wangu wanne Mungu anawajua." Mara hii Kioko hakucheka.

Siku tatu neno hilo lilimganda Shariff kooni. Akitia udhu alijikuta akilinong'ona: kila pipa, ng'ombe wake. Lilikuwa neno jepesi. Lingeweza kulisha nyumba mbili, labda na za wale wanane waliokwisha kwenda.

Huko Naro Moru walimlaza mtamba mwekundu majanini, akaelekezwa kibla, mlima ukiwa mkono wa kulia. Shariff alimpapasa shingo, akataja jina la Mungu, akakata. Mtamba alipotulia kabisa, Sumayya aliinama na koti lake jeupe, akachukua kipande kisichozidi ukucha, akakitia ndani ya kichupa. Basi. Ng'ombe mzima akabaki pale, na hakuna aliyejua afanywe nini. Shariff hakuwa amewahi kuona damu nyingi hivyo kwa kitu kidogo hivyo.

"La mwisho, mzee," Wamae alisema, kalamu mkononi. "Seli hizi zitazaana miaka na miaka. Tutahitaji kuchinja tena lini?"

Sumayya alitazama viatu vyake. Neno la Kioko lilikuwa tayari ulimini. Shariff alitazama kisu. Damu haikuwa imekauka, na jina alilolitaja juu yake lilikuwa bado lina joto mdomoni.

"Huyu anatosha," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Siku zote."

Asubuhi iliyofuata alimkuta Kioko langoni mwa kichinjio. Alimpa paja la yule mtamba, limefungwa kwa gunia. "Wapelekee watoto."

Kioko alilipokea, akalipima kwa mikono, akamtazama usoni, akaelewa.

"Uliwaambia ukweli."

"Niliwaambia."

"Haya, baba." Kioko aliliweka paja juu ya ukuta, polepole, kama mtu anayeweka kitu kisicho chake. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wa lango, akashika barabara ya stendi.

Ndani kulikuwa na fahali mmoja. Shariff alisimama mbele yake, kisu nyuma ya mgongo, akangoja mtu wa kumshika kichwa. Fahali alimtazama. Jua lilipanda, na bado alikuwa amesimama hapo, akikificha kisu.