Vikombe Vilivyokuwa Vikienda kwa Mama Miche

Ofisini walimwita Mama Usafi. Mtaani walimwita Mama Miche. Kwa miaka tisa alifanya usafi ghorofa ya tatu ya kampuni ya bima, na kila jioni, kabla ya kufunga stoo, alikusanya vikombe vya karatasi vilivyonywewa kahawa, akavisuuza, akavichomeka kimoja ndani ya kingine na kwenda navyo nyumbani. Huko alivitoboa kitako kwa msumari, akavijaza udongo na kuotesha miche ya nyanya na pilipili hoho ya kuwauzia majirani.

Jumatatu moja meneja aliwaita wote ukumbini. Mezani vilipangwa vikombe vya chuma vyenye mifuniko, kila mtu na chake.

"Kuanzia leo hakuna tena kikombe cha kutupa," alisema. "Tumechoka kujaza jalala."

Watu wakapiga makofi. Mama Miche naye akapiga, kisha mikono ikamgandia hewani. Jalala lipi? Mkutano ulipokwisha alimfuata meneja mlangoni.

"Samahani, bosi. Vile vikombe havikuwa vinaenda jalalani. Nilikuwa navichukua mimi."

"Unavipeleka wapi?"

"Nyumbani. Naoteshea miche."

Meneja alimtazama, akaitazama karatasi yake ya hotuba. "Vyote?"

"Visivyopasuka."

"Basi hongera, mama," alisema meneja, asijue amshukuru au amwombe radhi, akamkabidhi kikombe chake cha chuma.

Njiani Mama Miche alijisemea kwamba kumbe yeye ndiye aliyeanza kupunguza taka, wenzake wakiwa bado usingizini. Lakini alipofika nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, amesimama uani na fagio, akitazama kona moja. Hapo palikuwa na lundo la utando mwembamba wa plastiki, ule unaobaki karatasi ya kikombe ikishaoza. Mama Miche aliubandua kwenye kila mche uliochelewa kununuliwa, akautupa hapo hapo.

"Wifi, mvua ikinyesha haya manailoni yanaziba mfereji. Hivi wewe ulikuwa unapunguza taka, au unazihamishia kwetu?"

Mama Miche aliliinamia lile lundo. Meneja alikuwa amepatia bila kujua: taka zilikuwa zikijaa kweli, ila uani kwake. Yeye alikuwa amepatia na kukosea kwa mpigo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijaribu kupanga mawazo, nayo yakazidi kumvurugikia.

Msimu uliofuata alisia mbegu moja kwa moja kwenye kitalu, ardhini. Alihofia wateja watamkimbia, maana nani atabeba mche na udongo wake mkononi? Wakaja vilevile, huyu na bakuli, yule na kopo la rangi, mwingine na kofia ya mwanawe. Miche iliyonyauka ilikuwa mingi kuliko zamani, ila ua ulikuwa safi. Wifi alipomuuliza kama amepata faida au hasara, alisema bado hajaelewa, akainama kung'oa magugu.