Lori Lililogonga Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Masama, enzi za Mwingereza, mjukuu wangu, lori letu liliponiumbua mbele ya mama yangu mzazi.

Lori lilikuwa letu sisi wawili, mimi na kaka yangu Aloisi. Yeye aliendesha, akishusha kahawa na ndizi za watu Moshi; mimi nilikuwa fundi, na gereji yangu ilikuwa huko huko mjini. Akaanza kunilalamikia kwamba injini inagonga kwa mbele. Kila akifika nasikiliza: hakigongi kitu! Injini inanguruma kwa raha zake. "Kaka, gari zima hili," namwambia. Mara ya mwisho nikamjibu ovyo, tena mbele ya wateja: "Kama umechoka kazi, sema. Usilisingizie gari."

Ee, mdomo huu! Aloisi aligeuza lori. Alipanda mlimani, akamwambia mama kwamba lori liuzwe, kila mtu ashike njia yake. Nilipopata habari hizo nilifunga gereji. Baba alikuwa ameshafariki, na ndugu nilikuwa naye huyo mmoja tu.

Nikamfuata mama kihambani, shambani kwetu kwa migomba, nikitegemea atanitetea. Thubutu!

"Umelisikiliza gari, ndugu yako hukumsikiliza," akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo unalala hapa, linapolala lori."

Alfajiri, ukungu umetanda migombani, Aloisi akazungusha hendeli bila kunitazama. Injini ikawaka. Lo! Kelele kama kokoto ndani ya debe. Ilipopata moto, kelele zikakoma. Hapo nikaelewa: kile kidude kinachoikaza cheni ya injini kilikuwa kimekwisha, cheni imelegea, na injini ikiwa ya baridi ndipo inapopigapiga. Kwangu gari lilifika limeshapata moto, ningesikia nini? Na cheni ile ingeweza kukatika kwenye mteremko, kaka yangu akiwa na lori limejaa mzigo.

Nikaenda mpakani mwa kihamba nikachuma jani la isale. Kwetu Uchaggani anayekuletea isale anaomba radhi, na si desturi kumkatalia. Nikampa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, kaka."

Akalipokea, akalichomeka mbele ya usukani. "Haya, panda. Au bado gari zima?"

Mama alicheka hadi akakaa chini.

Tukashuka pole pole hadi gereji, nikaweka kidude kipya na cheni mpya. Jioni nikapanda naye tena kwenda kulala, maana nilitaka kusikia alfajiri kwa masikio yangu. Injini ikawaka vizuri, na habari ya kuuza lori hatukuisikia tena.

Mjukuu wangu, mtu akikuambia kwake kuna kelele, usimbishie kwa kuwa wewe huisikii. Nenda ukalale kwake. Na ukikosa, chuma isale mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mungu akupe moyo mwepesi wa kuomba radhi, na akuachie ndugu wa kuzeeka naye kama alivyoniachia mimi.

Haya, toka nje ukamwamkie babu yako Aloisi. Mpe shikamoo kwa sauti, siku hizi naye hasikii vizuri.