Doa Jeupe Usoni kwa Bibi Harusi

Nakubali kosa: ni mimi niliyemvua dada yangu mapambo yote ya harusi, hadharani, ufukweni Gisenyi. Mpiga picha pekee nilikuwa mimi, nimefunga lenzi kuukuu ya babu kwenye kamera ya kidijitali, na kila picha ilitoka na doa jeupe la mwanga usoni kwa bibi harusi.

"Ni vitu vinavyong'aa!" nikatangaza kama profesa. Hereni zikatoka, mkufu ukatoka, shemeji akavua saa, hata miwani ya shangazi ikaenda. Doa likabaki palepale. Dada akaanza kulia, wanja ukamtiririka.

Mama mkwe wake akanisogelea, akavua kofia yake, akakinga nayo lenzi kwa juu. Doa likatoweka.

"Bon, profesa," akasema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, "jua iko naingia mu kamera yako. Ulitaka tuvue na nguo?"