Mkeka Kabla ya Mkeka

Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya mtihani wangu wa mdomo wa falsafa nilipomtukana mama yangu bila kujua.

Nilikuwa nimetoka mjini Morogoro, kwenye chuo binafsi kilichozaliwa na ile miaka ya ruksa, watu binafsi waliporuhusiwa kufungua vyuo, nikapanda pikapu ya mizigo hadi kwetu Matombo na begi la madaftari. Somo lililonitoa jasho lilikuwa Zama za Mwangaza: wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, watu waliotukuza akili kuliko kitu chochote, halafu wakagundua kwamba akili peke yake haifiki mbali. Macho, walisema, yanatuletea vipande vipande tu. Kuna kitu ndani yetu kinachoviunga, kinachotufanya tuamini kwamba nyumba tuliyoiacha asubuhi ndiyo hii tunayoirudia jioni. Mmoja wao alikiogopa kidogo, kwa sababu ndicho pia kinachotudanganya. Mwingine alisema bila hicho hatujui lolote. Kwa Kiingereza ni imagination; kamusi yangu ilikiita njozi.

Ningefeli, ningerudi nyumbani moja kwa moja. Mjomba, kaka yake mama, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli, alikuwa ameshatamka kwamba falsafa haipiki ugali.

Mama alikuwa barazani akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka. Sokoni kulikuwa kumejaa mikeka ya plastiki kutoka nje, na majirani walimwambia aache, hiyo ni kazi ya mikono tu na wakati wake umepita. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa. Nilihitaji mfano wa kupeleka kwenye mtihani.

"Mama, ukisuka unatumia njozi?"

Akauweka ukili chini. "Njozi anaota aliyelala. Mimi umeniona nimelala?"

"Sikumaanisha hivyo, mama."

"Umesomeshwa mpaka unaniona nasinzia kazini." Akauchukua ukili wake, akasuka kwa nguvu kuliko kwanza.

Nikabaki kuitazama mikono yake kwa aibu. Mimi kusuka kulinishinda tangu utotoni, nikajifanya nakudharau. Sizitaki mbichi hizi. Siku hiyo nikatazama kweli. Ukili una upana wa vidole vinne, lakini urefu wake unaweza kuizunguka nyumba. Rangi ya zambarau anaiingiza mahali, anaiacha, anaiingiza tena mbele, na pale barazani haina maana yoyote. Siku ya kushona mstari unalala kando ya mstari, zile rangi zinakutana, zinakuwa maua. Akikosea leo, ua litaharibika mwezi ujao, na leo hakuna mkeka wa kutazamia.

"Unajuaje pa kuweka rangi?" nikauliza.

"Si nauona mkeka."

"Mkeka haupo, mama."

"Haupo kwako."

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya walimu watatu. Wenzangu wote walikuwa wametoa mfano wa nyumba, ule ule wa kitabuni. Mimi nikautoa mkeka, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mwalimu aliyeongoza jopo, mtu asiyejua kucheka, akanikatiza.

"Hebu sema kwa Kiswahili, kama unakielewa kweli."

Nikamwambia kamusi inasema njozi, na kamusi imekosea. Njozi ni za aliyelala. Hiki ni kuuona mkeka kabla ya mkeka. Nikaeleza ukili, rangi, maua. Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikuishusha. Nilijivuna, sifichi. Akaandika kwa muda, kisha akauliza kama mama yangu ni mwalimu. Nikasema ndiyo.

Nilifaulu. Nikapanda tena Matombo kumweleza mama, na mjomba alikuwepo barazani na kikombe chake cha uji. Nikasema kuna Mzungu aliandika kitabu kinene kuthibitisha jambo ambalo mama analifanya kila siku. Mjomba akanywa uji wake. Mama akauliza, mikono yake ikiendelea kusuka:

"Huyo naye alikuwa anasuka?"

"Hapana, mama."

"Basi aliambiwa na mama yake."