Bi Rangi na Chupa ya Kijani

Shangazi hakunywa kitu kabla ya kukiinua kwenye mwanga. Iwe chai, iwe maji, hata dawa ya kikohozi, aliishika glasi mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akaitazama, ndipo akanywa.

"Unamtafuta nani humo, mama watoto?" mumewe alikuwa akimwuliza.

"Mwanamume mwenye maneno machache."

Ni kazi iliyokuwa imemwingia mwilini. Kwa miaka thelathini na mmoja alipima plutoni, ile metali ya nyuklia, katika maabara, mikono ndani ya glavu ndefu zilizofungwa kwenye sanduku la kioo. Wenzake walimwita Bi Rangi. Nilipomaliza chuo niliajiriwa katika maabara hiyohiyo, nikawa msaidizi wake.

"Huyu ni mtu mmoja mwenye nguo nne," aliniambia siku ya kwanza. Ndani ya asidi, plutoni huweza kuwa imepoteza elektroni tatu, nne, tano au sita, na kila hali ina rangi yake. Ya tatu ni buluu, ya nne ni kahawia inayoelekea kijani, ya sita ni ya chungwa. Ya tano haikai peke yake muda wa kutosha uizoee. "Wewe na mimi hubadili nguo. Yeye anaweza kuzivaa zote nne kwa pamoja. Kazi yetu ni kumbakiza na ile ya nne, maana ndiyo inayonaswa kwenye mrija wetu wa kuchujia. Na usimpe maji matupu. Asidi ikipungua sana anagandamana mwenyewe kwa mwenyewe, anakuwa kijani kibichi, na mrija haumshiki tena."

Niliyaandika yote daftarini.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, ililetwa chupa ndogo kutoka ghala moja ambako walidhani kuna mzigo wa plutoni umepotea. Sampuli ilikuwa hiyo tu. Namba yetu ikitoka pungufu, mtunza ghala angefukuzwa kwa wizi. Asubuhi hiyo nilikuwa hoi, mtoto wangu ana homa siku ya tatu, na nikaizimua sampuli kwa maji badala ya asidi nyepesi. Polepole ikageuka kijani kibichi.

Shangazi akaja, akaitazama.

"Umeweka nini?"

"Asidi, shangazi, kama kawaida."

"Haya."

Alisimama kati yangu na sanduku, nisiweze kuipitisha mrijani, akawa anafuta mizani ambayo haikuwa na vumbi. Sikuthubutu kumwomba apishe. Saa sita mkuu wa maabara akachungulia mlangoni.

"Bi Rangi, namba iko wapi? Watu wananipigia simu."

"Bado anavaa."

"Anavaa, au wewe ndiye umezeeka?"

"Vyote viwili, bosi."

Akacheka, akaenda zake. Shangazi akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Miguu yake ilikuwa imejaa juu ya viatu. Saa tisa nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, niliweka maji."

Akaitikia kwa kichwa, akaingiza mikono kwenye glavu. Tukamimina asidi kali, tukaipasha moto kwa upole siku mbili nzima, zamu kwa zamu, mmoja wima, maana viti vyetu havikufikia matundu ya glavu, mwingine akipumzika kitini. Kijani kikafifia, kahawia ikarudi. Siku ya tatu namba ilitoka kamili: hakuna kilichopotea. Mtunza ghala hakuwahi kutujua, na shangazi akastaafu Ijumaa bila hotuba, kwa kuwa alikuwa amechoka kusikiliza.

Miezi saba baadaye alikuwa kitandani, sauti imebaki kidogo. Nilikuwa nikimkanda miguu. Nikamwuliza kama siku ile ya chupa alijua.

"Tangu nilipoingia."

"Sasa mbona ulinyamaza hadi saa tisa?"

Akausogeza mguu wa pili mikononi mwangu.

"Nilikuwa nakusubiri, mwanangu. Ungesema mapema, ningeketi."